Nani Aliiokoa Ndolweni?

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Leo sikuja kuwachekesha. Nimewaletea kesi iliyonishinda, na nimechoka kuibeba peke yangu. Nitaieleza tangu mwanzo bila kumpendelea mtu, kisha nyinyi ndio mtakaosema.

Mimi naitwa Fikirini. Nauza vitabu vya mitumba pale Tanga. Miaka mitatu iliyopita nilianzisha kundi la WhatsApp, nikaliita Tazama Tujadili. Nia yangu ilikuwa nyepesi tu: mtu akikutana na video yenye elimu, iwe ya nyota, iwe ya figo, iwe ya jinsi nyuki wanavyoelekezana njia, ailete kundini tuitazame, halafu tuijadili. Tulifika watu mia mbili na kumi na wanne. Kutazama, walitazama wachache. Kujadili, hakuna. Video ya dakika ishirini ikitumwa, nusu dakika haijapita mtu ameshaandika, "Asante kwa elimu." Umeitazama saa ngapi, ndugu yangu? Wengine walituma dole gumba, wengine viganja vilivyounganishwa kama wanaomba dua. Basi. Mjadala umekwisha.

Katika watu hao wote, wa kesi hii ni wanne.

Wa kwanza ni Mwanahawa Singano, fundi cherehani wa Korogwe. Huyu kajaliwa jicho. Simu yake huiegemeza kwenye kopo la vifungo, mguu uko kwenye cherehani, na katika video elfu za upuuzi atakuchomolea moja yenye maana. Kila siku alituletea moja, hakosi.

Wa pili ni Ombeni Mnzava wa Moshi, anayeongoza wageni kupanda mlima. Huyu kajaliwa ulimi. Kutembea na Wahispania miaka kumi na mitano kumemfundisha lugha yao barabara. Mpe maneno ya wataalamu, naye atakurudishia Kiswahili ambacho bibi yako ataelewa huku anachambua mchicha.

Wa tatu ni Salehe Mgaya, mchimba visima wa Singida. Huyu kajaliwa shaka. Ukisema jua limechomoza, Salehe atakuuliza umelionaje. Neno lake kundini lilikuwa moja: "Uthibitisho uko wapi?" Watu walimchukia kwa hilo, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa mmoja wao.

Wa nne ni Nakunda Mrutu, mkulima wa tangawizi katika kitongoji cha Ndolweni, juu huko kwenye milima ya Upare. Huyu kajaliwa nini, hatukujua. Alikaa kundini miaka miwili bila kuandika hata neno moja.

Sasa sikilizeni.

Vuli iliyopita mvua zilikuwa nzito. Siku moja Mwanahawa akatuma video ya mama mmoja wa nchi ya mbali, mtaalamu wa milima, akitembea kwenye mteremko na kuonyesha kidole huku na huku. Alizungumza Kihispania. Tukampa madole gumba saba.

Kesho yake Mwanahawa akaituma tena. Mtu mmoja akamjibu, "Bi Mwanahawa, hii ulishatuma. Bando hatuokoti barabarani." Wengine wakacheka. Malalamiko yakaja kwangu, maana mimi ndiye admini, nami nikamwandikia Mwanahawa pembeni: "Dada, naomba upunguze kidogo. Watu wanalalamika."

Akanijibu, "Hao wanaolalamika, wameitazama?"

Mimi mwenyewe sikuwa nimeitazama. Na kwa kuwa nimeahidi kusema ukweli, niseme wote: kundi langu mwenyewe nilikuwa nimelizima mlio.

Siku ya tatu akaituma tena, na safari hii aliandika: "Maneno ya huyu mama siyajui, lakini macho yake nayaona. Anaogopa kitu, na anataka sisi tukione. Fikirini, ukitaka kuniondoa, niondoe." Hakupata hata dole gumba moja.

Ila siku hiyo ya tatu ilikuwa Jumapili. Ndolweni mtandao haushiki mpaka upande jiwe kubwa lililo juu ya shule, na Nakunda hupanda huko baada ya ibada. Simu ilipovuta ujumbe, video ya Mwanahawa ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabisa, kwa hiyo ndiyo aliyoifungua. Akamwona yule mama akitumbukiza mkono ndani ya ufa wa ardhi, mpaka kwenye kiwiko. Ufa kama ule ule ulikuwa umepita juu ya shamba lake la tangawizi, na watoto walikuwa wakiuruka kwa mchezo.

Ndipo akaandika neno lake la kwanza baada ya miaka miwili: "Samahanini wenye kundi. Huyu mama anasema nini pale anapoonyesha ufa? Kwetu upo kama huo."

Mwanahawa hakungoja. Akampigia Ombeni.

"Kaka Ombeni, kuna mtu ameuliza kuhusu ile video."

"Dada, mimi tafsiri niliacha." Ombeni alikuwa na donda lake. Mwaka uliopita alikesha na video ya figo, akaitafsiri yote neno kwa neno, na jibu pekee alilopata lilikuwa, "Fupisha kaka." Akaapa hatarudia. "Wanaouliza kwenye lile kundi hawasikilizi," akasema. "Wanauliza ili waonekane."

"Huyu hajawahi kuuliza kitu tangu aingie."

Kesho yake asubuhi Ombeni alipaswa kupanda mlima na wageni sita. Akamwachia mwenzake msafara, akajifungia chumbani na simu, akairudiarudia ile video, na kufikia adhuhuri ametuma jumbe za sauti kumi na moja. Nimezisikiliza mara nyingi. Sauti yake imetulia kama ya mtu anayemweleza jirani njia.

"Mama anasema mlima hauanguki tu. Kwanza unatoa taarifa. Ufa unaokatiza mteremko. Miti inayoinama pamoja upande mmoja. Chemchemi inayotoka tope siku ambayo mvua haikunyesha. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri, sasa unakwama. Anasema, mkiona moja, chunguzeni. Mkiona yote, msilale hapo."

Kundi likalipuka. Kwa mara ya kwanza watu waliandika zaidi ya asante. "Nakunda kimbia!" "Waambie wote wahame!" "Mungu awalinde!"

Katikati ya hayo Salehe akatokea. "Uthibitisho uko wapi?"

Ah! Alitukanwa siku hiyo. Wakamwita mchawi, wakamwita jiwe, na mmoja akaniandikia, "Admini, mtoe huyu au natoka mimi." Wallahi kidole changu kilishafika kwenye kitufe. Kabla sijabonyeza, ukaja ujumbe wa Salehe, mrefu kuliko yote aliyowahi kuandika:

"Nimechimba ardhi miaka ishirini na sita. Udongo wa mfinyanzi hupasuka kila mwaka na hauui mtu. Mkiwahamisha watu wa Ndolweni bure mwaka huu, mwaka kesho mlima ukianguka kweli hawatahama. Mama Nakunda, achana na kelele hizi, nijibu mimi. Ufa unafuata mteremko au unaukatiza? Upande wa chini umeshuka? Chemchemi ikoje? Kisha pigilia vigingi viwili, kimoja juu ya ufa, kimoja chini yake. Pima kutoka kimoja hadi kingine kila asubuhi, uniletee namba."

Jioni Nakunda akapanda tena lile jiwe, akajibu yote. Ufa unakatiza. Upande wa chini umeshuka kama upana wa kidole. Chemchemi inatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Na mlango wa mama mkwe wake haufungi tangu juzi.

Akapigilia vigingi, akaazima futikamba kwa fundi seremala. Kila asubuhi alipima, akaandika kwenye daftari la mwanawe, kisha akapanda lile jiwe kwenye matope kutuma namba. Siku ya kwanza, sentimita tisini na moja. Siku ya pili, tisini na tatu. Siku ya tatu, tisini na saba. Siku ya nne, mia moja na sita.

Siku hiyo ya nne Salehe hakuandika. Alituma sauti, fupi: "Mama, ondokeni. Mimi sina swali tena."

Nakunda akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Elirehema Senkondo, akaomba watu waitwe. Wakakusanyika. Akawaeleza, akawawekea sauti ya Ombeni, akafungua daftari.

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Yaani tuhame kwa sababu ya video? Juzi mjukuu wangu kanionyesha video ya paka anapiga kinanda. Hiyo nayo niiamini?"

Watu wakacheka. Mama mmoja akauliza, "Huyo aliyetuma hiyo video, amewahi kufika Ndolweni?"

"Hajawahi," akasema Nakunda.

"Na huyo anayesema kwenye simu?"

"Hajawahi."

"Na huyo aliyekwambia upime?"

"Hajawahi, mama."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema milango kukwama ni jambo la masika na vuli, mbao zinavimba. Mkutano ukavunjika. Nakunda alibaki amesimama na daftari lake. Aliniambia baadaye kwamba alitamani kulipasua.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imetulia kidogo. Nakunda akachukua nyundo, akaegemeza ngazi, akapanda juu ya nyumba yake, akaanza kung'oa bati. Nyumba ile mumewe, ambaye yuko kibaruani mbali, aliijenga kwa miaka tisa, bati mbili mwaka huu, tatu mwaka ule. Mama mkwe akatoka mbio.

"Wee Nakunda! Umerogwa? Mvua zote hizi unaezua nyumba?"

"Mama, pokea hili bati."

"Mwanangu akirudi nitamwambia nini?"

"Utakuwa hai wa kumwambia. Pokea, mama."

Yule bibi akatazama juu, akamwona mkwewe ameloa, mikono inamchuruzika damu kwa ncha za bati. Akapokea.

Majirani wakasimama mbali wakitazama. Bati la tano, la sita, la saba. Hakuna aliyecheka. Jirani mmoja akasogea. "Nakunda, kweli kabisa?"

"Nimeezua nyumba yangu kwa mikono yangu. Unataka nikwambie kwa lugha gani?"

Jirani akarudi kwake, akaanza kutoa magodoro. Mpaka jua linazama, kaya tano zilikuwa zimevuka bonde kwenda kwenye majengo ya shule. Kesho yake zikafuata tano nyingine. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, kaya ya kumi na moja, amebeba redio yake begani na haongei na mtu.

Siku iliyofuata, alasiri, mlima ukaja. Wanasema mlio wake ulikuwa kama malori mia yanamwaga kokoto kwa pamoja. Nyumba kumi na moja, mashamba ya tangawizi, njia ya kwenda chemchemi, vyote vikazikwa kabla mtu hajamaliza kupiga yowe. Watu sitini na watatu walisimama ng'ambo ya bonde wakitazama. Walihesabiana mara tatu. Hakupungua hata mmoja. Nakunda hakulia wala hakushangilia. Alikaa chini kwenye majani, ana ile futikamba mkononi, anaivuta na kuiachia, anaivuta na kuiachia.

Mngedhani hadithi imeishia hapo. Laiti.

Watu wa Ndolweni walipewa uwanda wa kuanzia upya, chini ya barabara. Wakakaa, wakakubaliana kitongoji kipya kisiitwe Ndolweni, maana jina hilo limezikwa. Kiitwe kwa jina la mtu aliyewaokoa. Mzee Elirehema akanipigia simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Fikirini. Tunataka jina. Moja."

Nikamwambia, kiiteni Tazama Tujadili, kwa jina la kundi zima.

"Kundi halina wajukuu," akasema. "Na katika hao mia mbili wako, wangapi walifanya kitu?"

Nikamwambia basi waunganishe majina yote manne.

"Jina refu halikai mdomoni. Watu watalikata, na atakayekatwa atanuna mpaka kufa kwake."

"Basi chagueni nyinyi, mzee."

"Sisi tunayemjua ni Nakunda tu. Tukichagua sisi, tutakuwa tumechagua kwa kutojua. Nyinyi mnawajua wote. Kibao kinaandikwa Ijumaa."

Nikalipeleka kundini. Na hapo ndipo nilipolia kwa hasira. Miaka mitatu nimewabembeleza watu wajadili, wakanyamaza. Siku hiyo ziliingia jumbe mia tisa! Za mlima, hakuna. Za jinsi ya kuwaonya watu wa vitongoji vingine, hakuna. Zote ni za nani apewe na nani asipewe.

Wapo waliosema ni Mwanahawa. Bila jicho lake, video ingebaki ng'ambo ya dunia, na alivumilia kusemwa akaituma mara tatu. Wengine wakajibu, aah, yeye hata hakuelewa inasema nini, katuma mamia, moja imebahatika. Mmoja akaandika, "Kutuma ni kidole tu."

Wapo waliosema ni Ombeni. Picha bila maneno ni kama dawa bila maelezo, na aliacha safari yake kwa ajili ya mtu asiyemjua. Wengine wakajibu, huyo ilibidi abembelezwe, asingepigiwa simu angekwenda zake mlimani.

Wapo waliosema ni Salehe. Hofu kila mtu anayo, lakini namba ndizo zilizomfanya Nakunda mwenyewe aamini kiasi cha kuezua nyumba. Wengine wakajibu kwa ukali kwamba siku nne za vigingi ni siku nne za kucheza na roho za watu. Mlima ungeanguka siku ya tatu, tungemsifu nani?

Wapo waliosema ni Nakunda, na hawa walikuwa wengi. Wote wengine walikaa kwenye viti vyao, yeye ndiye aliyepanda juu ya paa. Wengine wakajibu kwamba alikuwa anaokoa roho yake na ya wanawe, na nani asingefanya hivyo? Tena alifanya alichoelekezwa.

Mtaniuliza, wao wenyewe wanasemaje? Nimewauliza.

Mwanahawa alisema, "Jina silitaki. Nilitaka mtu mmoja tu aseme kwamba niliona." Kisha akasoma yale maneno ya kidole, akajitoa kundini. Tangu siku hiyo hajanipokelea simu.

Ombeni alisema, "Mimi ni mkalimani, Fikirini. Siku zote mkalimani huwa hayupo kwenye picha." Akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

Salehe, alipoambiwa kwamba siku zake nne zingeua watu, aliandika hivi: "Ni kweli. Zingeweza." Hajaandika kitu kingine mpaka leo.

Nikasema basi Nakunda ataniondolea mzigo. Nikampigia akiwa juu ya lile jiwe, upepo unavuma kwenye simu.

"Msinipe mimi," akasema. "Mkinipa mimi, hapa watasahau kwamba tulifundishwa. Watasema Nakunda aliota."

"Basi nimpe nani, mama?"

"Sijui. Lakini kaka Fikirini, usiwape watoto wangu jina la mtu wasiyewahi kumwona."

Mnaona mahali aliponiweka? Nimeandika majina manne kwenye vipande vinne vya karatasi, nikavipanga mezani kati ya vitabu, nikavipangua. Nikishika kimoja, vitatu vinanitazama. Nikisema aliyetangulia ndiye mwenye haki, najiuliza mbona yeye mwenyewe hakujua alichokitangulia. Nikisema aliyejitoa zaidi, najiuliza alijitoa kwa ajili ya nani. Nikisema aliyewapa hakika, nakumbuka hakika ile iliuzwa kwa siku nne. Mzee Elirehema ameshapiga simu mara tatu. Mara ya mwisho hakusalimu. Alisema tu, "Rangi imeshafunguliwa."

Kesho ndiyo Ijumaa, jamani. Watu sitini na watatu, na wote watakaozaliwa baada yao, wataitwa wa kwa fulani. Na mimi nikikosea, kuna mtu mmoja atakayelipwa kazi ya wenzake, na watatu watakaokufa nayo moyoni.

Basi mimi nimesema yangu yote, nawaachia. Mwanahawa aliyeona, Ombeni aliyefumbua, Salehe aliyepima, Nakunda aliyepanda juu ya paa: wewe unayenisikiliza, brashi ingekuwa mkononi mwako, ungeamua vipi? Ungeandika jina la nani?